Shahidi Mmoja Hatoshi

Nilipokuwa mtoto katika miteremko ya Kilimanjaro, maji ya mashamba yetu yalishuka kutoka msituni kwa mifereji ya kale, ambayo Wachagga huiita mifongo, nayo ilikuwa ikigawanyika njiani, na kila tawi likagawanyika tena, hata mtu aliyesimama chini kwenye migomba asiweze kusema kwa yakini maji yanayolowesha nyayo zake yamepitia wapi. Desturi ilikuwa kwamba kila anayenufaika na tawi hutoa siku zake za kulisafisha, na mwaka mmoja jirani wawili walibishana mpaka jua likatua, kila mmoja akiapa kwamba tawi lililojaa tope si lake. Babu hakuingia katika ubishi. Alfajiri alipanda na panga, akakata vigogo viwili vya mgomba, akavilaza katika mdomo wa tawi lile moja tu, akavishindilia udongo na majani, kisha akateremka, akaketi juu ya jiwe kungojea ni kihamba cha nani, yaani shamba la nani la migomba, kitakachokosa maji.

Sikujua siku ile kwamba nimeonyeshwa moja ya njia za heshima kubwa katika elimu ya viumbe hai. Mtaalamu anayetaka kujua kazi ya kitu kilichofichika ndani ya seli, asichoweza kukishika kwa vidole wala kukiona kwa jicho, hufanya kama alivyofanya babu: hukizuia, hungoja, akatazama ni kipi kitakachokoma. Kemikali zinazotumika kuzuia namna hiyo huitwa vizuizi vya vimeng'enya, na katika muda wa miaka hamsini hivi zimetufundisha mengi mno juu ya jinsi seli zinavyopelekeana habari. Lakini pana sharti, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo: kizuizi ni shahidi, na shahidi, hata akiwa mwaminifu, huona kwa upande aliosimama, kwa hiyo hukumu iliyotolewa kwa kinywa chake peke yake ni dhana iliyovikwa joho la elimu. Watafiti walio bora wamekwisha kulikubali sharti hili, baada ya kulilipia kwa miaka na kwa fedheha. Naona wakati umefika sisi tusomao magazeti, na wanaofundisha vijana wetu, na wanaogawa fedha za vyuo vikuu, tulikubali nasi.

Yafaa kwanza tujue kinachozuiwa ni nini. Mwili wa mwanadamu ni jamii kubwa ya seli, na jamii yoyote haisimami bila ya habari kupelekwa na kupokewa. Mtu akikurupushwa na mbwa mkali njiani, tezi zilizoketi juu ya mafigo yake humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Homoni ile hubisha hodi kwenye utando wa seli za misuli bila ya kuingia ndani. Na huko ndani, kama watu waliojipanga mstari kupitishiana ndoo za maji nyumba inapoungua, ujumbe hupita mkono hata mkono mpaka akiba ya wanga iliyofungwa ghalani ifunguliwe na kugeuzwa sukari ya kukimbilia. Katika mikono ile inayopokezana, mingi ni kinasi. Kinasi ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha tendo la kikemia, na kazi yake ni kuchukua fosfeti moja kutoka kwa ATP, ambayo ni sarafu ya nguvu katika seli, na kuibandika juu ya protini nyingine. Protini iliyobandikwa hupata umbo jingine, na pamoja na umbo hupata tabia nyingine: iliyolala huamka, iliyokuwa macho hulala, iliyokuwa kando ya seli huitwa kwenda katikati, hata vije vimeng'enya vya namna nyingine viibandue fosfeti ile na kuirudisha protini katika hali yake ya kwanza.

Edmond Fischer na Edwin Krebs, waliofanya kazi yao katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, ndio waliotangulia kulifafanua jambo hili mwaka 1955, walipokuwa wakichunguza kimeng'enya cha misuli kinachoifungua akiba ile ya wanga. Na miaka 37 ilipita kabla ya kutunukiwa Nobel, mwaka 1992, kwa kuwa ilihitaji muda huo mrefu kuonekana kwamba walichokiona katika misuli ni desturi iliyoenea katika viumbe hai, na kwamba kukua kwa seli, kugawanyika kwake, kuhama kwake na hata kufa kwake hutawaliwa kwa kubandikwa na kubanduliwa kwa fosfeti. Mwaka 2002, baada ya jeni za mwanadamu kusomwa karibu zote, kinasi zake zilihesabiwa, zikapatikana 518.

Sasa tuutazame ugumu ulivyo. Kinasi hizo karibu zote hula sahani moja, maana hutumia ATP, na nyingi hukaa katika seli moja kwa wakati mmoja. Basi mtafiti aliyeona kwamba seli imepokea ujumbe na kuutimiza, atajuaje kwamba ni kinasi hii, wala si ile, iliyoupitisha? Njia moja ni kuifuta jeni inayoitengeneza. Njia hiyo ni nzuri, nami siidharau, walakini ina kasoro zake: kinasi ikiwa ya lazima kwa uhai, seli iliyofutiwa hufa kabla ya kutoa ushahidi wowote, na ikiwa si ya lazima, seli hupata siku nyingi za kujizoeza na kutafuta mapito mengine, hata mtafiti anapokuja kuitazama huikuta kama nyumba iliyokwisha kuhamishwa milango. Kizuizi hakiingojei seli ijizoeze. Hufanya kazi kwa dakika, kipimo chake huongezwa na kupunguzwa, tena huweza kuoshwa kikaondoka na seli ikarudia mwendo wake. Kwa umbo, aghalabu ni molekuli ndogo iliyofanana na ATP kadiri ya kutosha kuketi katika mfuko ule ule ambamo ATP huketi, ila haina fosfeti ya kutoa. Hukikalia kiti na kazi isifanyike.

Lakini hapo hapo ndipo hatari ilipojificha, kwa sababu mifuko hiyo ya ATP, katika kinasi mbalimbali, hufanana kama vikombe vya seti moja. Mwaka 1977 Satoshi Omura na wenzake wa Taasisi ya Kitasato, Japani, walipata katika bakteria wa udongo kemikali iliyokuja kuitwa staurosporini. Omura ndiye yule ambaye bakteria mwingine aliyemtoa udongoni alikuwa asili ya ivamektini, dawa inayowakinga watu wa nchi zetu na usubi na matende, naye akatunukiwa Nobel kwa hiyo mwaka 2015. Ama staurosporini, mwaka 1986 ilionekana kwamba inaizuia kinasi moja mashuhuri, PKC, kwa kipimo kidogo mno, na matumaini yakawa makubwa. Kisha ikadhihirika kwamba inazizuia na nyingine nyingi kwa nguvu zinazokaribiana. Kutaka kujua kazi ya kinasi moja kwa kemikali kama hiyo ni sawa na kwenda kuiziba chemchemi msituni ili kuona tawi moja linakwenda wapi: vihamba vyote vitakauka, na ubishi wa jirani utabaki palepale. Isidhaniwe kwamba ilikuwa kazi bure, kwa maana iliwafundisha wanakemia kwamba mfuko ule huweza kukaliwa, wakaanza kutafuta molekuli zenye kuchagua.

Niseme juu ya kisa kimoja kwa urefu, kwa kuwa kinatugusa sisi kuliko watu wengi, na kwa kuwa ndani yake ushahidi ulitolewa kama inavyostahiki. Wafugaji wa kuku wanaujua ugonjwa wa koksidiosisi, unaowaharisha vifaranga damu na kuwamaliza bandani. Kimelea kinachouleta ni jamaa wa mbali wa kimelea cha malaria. Watafiti wa kampuni ya Merck ya Marekani, wakitafuta dawa ya kuku, walipata kemikali iliyokiua kimelea hicho, na mwaka 2002 ikatangazwa kwamba inachokishika ni kinasi iitwayo PKG. Waliokuwa wakichunguza malaria wakajiuliza: maadamu kimelea chetu nacho kina PKG, kinaitumia kwa kazi gani? Hivyo kemikali iliyotafutwa kwa ajili ya banda la kuku ikawa ufunguo mikononi mwa watu wa malaria, na miongoni mwao ni David Baker na wenzake wa London School of Hygiene & Tropical Medicine.

Kimelea cha malaria kali kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu hukaa humo takriban saa 48, kikila na kujigawa. Mwisho wa muda huo, ukiitazama chembe hiyo kwa hadubini baada ya kuitia rangi ya Giemsa, utaiona kama komamanga lililopasuliwa: punje zipatazo 16 hadi 32, zenye viini vya zambarau, zimesongamana, na katikati yake pana doa la kahawia, ambalo ni masazo ya damu iliyoliwa. Saa ikitimu chembe hupasuka, punje hutawanyika kila moja ikitafuta chembe mpya ya kuingia, na mgonjwa hushikwa na ile baridi na homa tunayoijua tangu utoto. Watafiti walipotia kizuizi cha PKG, punje zilikomaa kama ada, zikajaa, zikasongamana mlangoni, na mlango haukufunguka. Walipokiosha kizuizi, chembe zikapasuka moja baada ya nyingine katika muda wa dakika, mfano wa watu waliokuwa wameketi mbele ya futari wakingojea mwadhini.

Mtu mwepesi angesimama hapo na kutangaza kwamba PKG ndiyo ifunguayo mlango. Watafiti hawakusimama hapo, kwani walijua kwamba kemikali yaweza kuwa imegusa na kitu kingine wasichokidhania, na kwamba walichonacho mpaka hapo ni shahidi mmoja. Katika mfuko wa PKG ya kimelea, mahali pa 618, pana asidi amino iitwayo threonini, nayo kwa udogo wake huacha upenyo ambamo kizuizi hujipenyeza. Mahali hapo wataalamu hupafananisha na mlinzi wa lango, nami nitamwita bawabu. Wakambadili bawabu huyo mwembamba, wakaweka glutamini, iliyo nene kuliko yeye, hata upenyo ukazibika: kinasi ikaendelea na kazi yake, ila kizuizi hakikupata pa kuketi. Kisha vimelea vyenye bawabu mnene vikatiwa kemikali ile ile kwa kipimo kile kile, na mlango ukafunguka. Lau kemikali ingekuwa inaufunga mlango kwa kushika kitu kingine chochote, kubadilishwa kwa bawabu wa PKG kusingeleta tofauti. Kwa hoja ya namna hiyo ilithibitishwa mwaka 2008 kwamba PKG ndiyo inayokiamsha kimelea ndani ya tumbo la mbu kianze kutengeneza gameti zake, na mwaka 2013 kwamba ndiyo inayotoa amri ya kutoka katika chembe ya damu. Huo ndio ushahidi unaoitwa ushahidi, na kila ninapoufikiri moyo wangu hujaa heshima kwa watu waliouandaa.

Kinyume chake ni kisa cha rotlerini. Kemikali hiyo hutoka katika matunda ya mti wa kamala wa Asia, ambayo unga wake mwekundu tangu kale ulitumika kutia hariri rangi. Mwaka 1994 iliandikwa kwamba rotlerini huizuia aina moja ya PKC, iitwayo PKC-delta, kuliko aina nyinginezo. Neno likaenea. Maabara baada ya maabara ikaimwagia seli rotlerini, na lolote lililokoma likaandikwa kuwa ni kazi ya PKC-delta. Mwaka 2000 Philip Cohen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, walivichukua vizuizi 28 vilivyokuwa vikiuzwa na kusifiwa kuwa ni vyenye kuchagua, wakavipima kimoja kimoja mbele ya safu ndefu ya kinasi, na matokeo yakawa ya kusikitisha: vingi vilishika kinasi ambazo havikutajwa kuzishika, na rotlerini haikuizuia PKC-delta. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba huvuruga mitokondria, ambayo ni majiko ya seli, hata ATP ikapungua. Kwa hiyo seli iliyotiwa rotlerini yaweza kukoma kwa njaa, na mwandishi akaitia hatiani kinasi isiyohusika. Mwaka 2007 makala nzima iliandikwa kuwaonya watu waiache, na wakati huo maandiko yaliyojengwa juu yake yalikuwa yamekwisha kuwa mengi.

Kutokana na upimaji wa Dundee yalitoka masharti ambayo kila mwanafunzi wa sayansi angefaa kuyajua kama anavyoijua hesabu ya kuzidisha. Kizuizi kitumike kwa kipimo kidogo kabisa kinachotosha, kwa maana hata kilicho kizuri, kikizidi, hufurika na kuingia katika matawi ya jirani. Vitumike vizuizi viwili angalau, vyenye maumbo yasiyo na udugu, kwa maana wawili wa tumbo moja huweza kukosea kosa moja, bali wageni wawili wasiojuana wakisema neno moja, neno hilo lina uzito. Na ikiwezekana iletwe kinasi iliyobadilishwa isizuilike, kama ile ya bawabu mnene, ili ionekane kwamba jambo lililokoma linarejea. Hayo ni masharti ya maabara, lakini msomaji makini atayatambua, kwa kuwa ndiyo yale ambayo kadhi mwadilifu huyataka kwa kila anayesimama mbele yake.

Na ushahidi ukitimia, huzaa hata tiba. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, mjini Philadelphia, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za aina moja ya saratani ya damu; mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaeleza kwamba kromosomu mbili, ya 9 na ya 22, zimebadilishana vipande; na katika maungio yake ikaja kupatikana kinasi chotara, BCR-ABL, isiyolala usiku wala mchana. Je, kinasi hiyo ndiyo moto wenyewe, au ni moshi wa moto uliowashwa kwingine? Kizuizi kiitwacho imatinibu, kilichotokana na kazi ya Nicholas Lydon na wenzake katika kampuni ya Ciba-Geigy mjini Basel, Uswisi, na kufuatiliwa na Brian Druker wa Portland, ndicho kilichojibu. Majaribio kwa wagonjwa yalianza mwaka 1998, na katika wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, hesabu ya damu ya 53 ilirejea kuwa ya kawaida. Mei 2001 Marekani ikaiidhinisha dawa hiyo, na leo wapo watu Kenya na Tanzania, wenye watoto na mashamba na kazi zao, wanaoishi kwa kumeza kidonge chake kila siku.

Lakini linalonigusa zaidi ni lililofuata. Mwaka huo huo wa 2001, katika wagonjwa ambao ugonjwa uliwarudia, Charles Sawyers na wenzake wa Los Angeles walikuta katika baadhi yao kinasi imebadilika mahali pamoja tu, pa 315: threonini imeondoka, isoleusini imeketi. Ni bawabu yule yule, katika lango la kinasi nyingine. Kile ambacho watafiti wa malaria walikuja kukitenda kwa makusudi ili kupata ukweli, saratani ilikuwa imekwisha kukitenda ili kuokoa roho yake. Kwa mgonjwa huo ulikuwa msiba mkubwa, nami sithubutu kuuita kwa jina jingine. Walakini ndani ya msiba huo mlikuwa na ushahidi wa pili, kwa sababu ugonjwa usingelazimika kuigeuza kinasi ile kama uhai wake haukuitegemea. Na kwa ushahidi huo wanakemia walijua mahali pa kuelekeza juhudi zao, hata vikapatikana vizuizi vingine, mathalan ponatinibu, vinavyoketi hata mbele ya bawabu mnene.

Narejea sasa nyumbani. Ukifungua kurasa za afya katika magazeti yetu, au ukisikiliza vipindi vya asubuhi redioni, hutakosa kuambiwa kwamba kitunguu kimethibitishwa kuzuia ugonjwa fulani, au kwamba manjano yanakomesha mwingine, na ushahidi utakaotajwa ni kwamba kemikali ya mmea huo imezuia kimeng'enya fulani katika maabara. Mara nyingi habari hiyo si uongo. Ndani ya kitunguu mna kwasetini, na kwasetini huzuia kinasi katika neli ya kioo. Wataalamu wa kampuni ya Lilly waliifanya kielelezo walipobuni kizuizi kiitwacho LY294002, kilichotangazwa mwaka 1994 na kusaidia sana kuifahamu njia ambayo insulini hupitishia ujumbe wake. Lakini kwasetini yenyewe hugusa kinasi nyingi, na LY294002, pamoja na faida yake, ilikutwa nayo ikigusa visivyokusudiwa. Ama kurkumini, ile rangi ya manjano tunayoijua jikoni na katika mashamba ya viungo ya Unguja, wanakemia waliopitia maandiko yake mwaka 2017 walieleza kwamba huharibika upesi na huvidanganya vipimo vingi vya maabara, hata ikaonekana inazuia kila inachokaribia. Sisemi watu waache kutia vitunguu na manjano katika chakula chao, wala siidharau elimu ya miti shamba, ambayo imewapa walimwengu dawa za kweli. Nasema kwamba kuzuia ndani ya neli ni mwanzo wa maswali, na anayekuuzia mwanzo kwa bei ya mwisho anakudhulumu, hata akiwa mwenyewe hajui.

Wapo watakaoniuliza, tena kwa haki, kwamba katika nchi ambazo mama mjamzito huambiwa aje hospitali na glavu zake, habari ya mabawabu wa kinasi ina maslahi gani. Nami najibu kwamba malaria ni yetu, na saratani zinazotuua ni zetu, na mtu asiyejua kupima ushahidi juu ya maradhi yake mwenyewe atabaki kuwa mpokeaji wa hukumu zilizoandikwa na wengine. Wala si ndoto kwamba Mwafrika aweza kukaa upande wa kuandika. Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, alianzisha mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha Cape Town kituo cha H3D cha kutafuta dawa, na kutoka huko ilitoka kemikali iitwayo MMV390048, inayozuia kinasi ya kimelea cha malaria iitwayo PI4K, ikafika hata kujaribiwa kwa binadamu. Haikufika kuuzwa katika maduka ya dawa. Lakini waliofanya kazi ile wamebaki na ustadi wa kuuliza na wa kuthibitisha, na ustadi huo hauna forodha.

Naomba basi mambo yaliyo katika uwezo wetu. Vyuo vikuu vyetu, vinapompa kijana fedha za utafiti, vitenge humo gharama ya shahidi wa pili, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Tasnifu iliyobomoa dai lisilo na msingi ipewe heshima ile ile inayopewa iliyojenga dai jipya, maana aliyeiondoa rotlerini njiani amewafaa walimwengu sawasawa na aliyeleta kizuizi kizuri. Walimu wa sekondari, wanapofundisha vimeng'enya, wasiishie kwenye ufafanuzi wa kukariri kwa ajili ya mtihani; wamwulize mwanafunzi, ukizuia ukaona jambo limekoma, umejuaje kwamba ni ulichokizuia kilicholikomesha? Nasi waandishi, kabla ya kuandika kwamba kitu kimethibitishwa, tuulize kilipimwa wapi, kwa kipimo gani, na ni nani mwingine aliyeliona jambo hilo kwa njia nyingine.

Siku ile Kilimanjaro kihamba kilikauka kabla ya adhuhuri, na watu wakaanza kumnyoshea kidole mwenyewe. Babu akawanyamazisha. Alipanda tena mlimani, akaving'oa vigogo vyake, akarudi kwenye lile jiwe, akangoja mpaka maji yalipoingia tena katika kihamba kile kile, na ndipo aliposema neno lake. Siku ya kusafisha mfereji ilipofika, jirani yule alikuja na jembe begani, wala hapakuwa na aliyekwenda kumwita.

Naikumbuka subira ile kila ninapomwona mtu maskini, aliyesoma gazetini kwamba mmea fulani umezuia saratani, akiuza mbuzi wake wa mwisho kununua unga wake uliotiwa chupani. Aliyekimbilia kuandika baada ya shahidi mmoja hatalipa chochote. Atakayelipa ni yule mwenye mbuzi.